Aliyedanganya Asiingie Jumba la Heshima

Kila ligi inapomalizika, vijiwe vya kahawa kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Jangwani hurudia hoja ileile: nani mchezaji bora wa wakati wote? Wa Simba atakutajia Abdallah Kibadeni na mabao yake 3 katika ile 6-0 ya Julai 19, 1977. Wa Yanga atarudi nyuma zaidi, akukumbushe 5-0 ya Juni 1, 1968, kisha akumalizie na Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta. Katikati ya ubishi huo huzuka wazo zuri: kwa nini tusiwe na jumba la heshima la mpira, lenye picha, jezi na historia ya kila aliyestahili?

Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Klabu mbili zilizoanzishwa 1935 na 1936, zote zikiwa na makao Kariakoo, hazina sababu ya kuacha kumbukumbu zao zizikwe pamoja na wazee. Tatizo huanza ninaposema kuwa sharti la kuingia humo lisiwe kipaji peke yake. Nasema mtu aliyethibitika kuuza mechi, kununua refa, kughushi umri au kutumia dawa za kuongeza nguvu asipewe nafasi, hata kama alifunga mabao mia. Hapo ndipo ninaposhambuliwa kwa hoja ambazo nimezisikia hadi nazijua kwa mpangilio. Nazijibu hapa.

"Mpira ni mabao. Tabia apeleke msikitini au kanisani."

Hii ndiyo hoja ya kwanza na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi. Anayeisema anadhani Watanzania hatujawahi kumheshimu mwanamichezo kwa tabia. Basi namuuliza: John Stephen Akhwari alishinda nini Mexico City mwaka 1968? Hakushinda chochote. Katika marathoni ile ya Olimpiki Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alikuwa ameanguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, watazamaji wengi wameondoka, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kuwa nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma akamalize.

Mwaka 1983 Serikali ilimtunuku nishani ya shujaa wa taifa. Leo mtoto wa shule anaweza asijue muda wa Mtanzania yeyote katika marathoni yoyote, lakini habari ya Akhwari anaijua. Kama tungekuwa taifa linalohesabu matokeo tu, jina hilo lingekuwa limesahaulika kabla ya 1970. Tulimpa heshima kwa sababu alikuwa mkweli kwa mchezo wake mpaka hatua ya mwisho. Sasa iweje tabia njema imwingize mtu kwenye heshima bila ushindi, halafu tabia mbaya isimzuie mwingine kwa sababu tu ana ushindi?

Na wala si ushamba wetu. Wamarekani wana jumba la heshima la besiboli katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, lililochagua wachezaji wake wa kwanza mwaka 1936. Tangu miaka ya 1940 kanuni yao inawataka waandishi wanaopiga kura wapime rekodi na uwezo wa mchezaji pamoja na uadilifu wake, uungwana wake mchezoni na tabia yake. Ili aingie, mchezaji anahitaji asilimia 75 ya kura. Barry Bonds ana mipigo 762 iliyovuka uzio, na hakuna aliyemfikia katika ligi ile. Mwaka 2022, ukiwa wa 10 na wa mwisho kwa jina lake kwenye karatasi za waandishi, alipata asilimia 66 akakwama, kwa sababu ya dawa. Nitarudi kwake, kwa kuwa kesi yake ina somo ambalo hata mimi sina budi kulikubali.

"Enzi zile kila mtu alikuwa anafanya."

Hapana. Kauli hii ni matusi kwa mamia ya wachezaji waliovaa jezi kwa jasho la halali. Ni kweli kwamba mpira wetu umejaa fitina, na kila shabiki amewahi kusikia kwamba mechi fulani ilichezwa nje ya uwanja. Lakini kila palipo na aliyeuza mechi, yupo aliyekataa kuuza, na huyo ndiye aliyelipa gharama.

Chukua Ligi Daraja la Kwanza ya msimu wa 2015/16. Siku ya mwisho ya Kundi C, Februari 2016, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wakigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ilikuwa na uzito. Geita Gold wakaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Matokeo yote mawili yalipatikana alasiri moja, katika viwanja viwili tofauti. TFF, shirikisho letu la soka, ilichunguza, ikazikuta timu zote 4 na hatia ya kupanga matokeo, ikazishusha madaraja na kuwafungia watu waliohusika.

Aliyepanda ni Mbao FC ya Mwanza. Timu ile, ambayo ingebaki chini kama mabao yale 15 yangekubaliwa, iliingia Ligi Kuu, na msimu uliofuata ikaitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mei 2017 ikacheza fainali Dodoma na Simba, ikafungwa 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Vijana wa Mbao walibakiza dakika chache tu kuiwakilisha nchi Afrika. Anayesema kila mtu alikuwa anafanya awatazame hao, kisha aniambie ni nani angeibiwa kama TFF ingefumba macho. Wizi wa mechi una mwenye mali, hata kama jina lake halikutangazwa redioni.

"Kukata umri ni umaskini, si udanganyifu."

Hoja hii inauma, kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mzazi au kocha wa mtaani ambaye hana nia mbaya. Anaona kijana mwenye kipaji, nyumbani hakuna kitu, na mlango pekee ni timu ya vijana. Miaka 3 ikipunguzwa, nani ameumia?

Tuitazame kazi yenyewe inavyofanyika. Mtoto alizaliwa, cheti cha kuzaliwa hakikuchukuliwa. Akifika miaka 19 au 20 na miguu imeshaonekana, ndipo cheti kinaombwa kwa mara ya kwanza, na mwaka unaoandikwa kwenye fomu ni ule unaotakiwa na mashindano. Au anapewa cheti cha mdogo wake. Kuanzia hapo, kambini anaitikia jina la mdogo wake, anajifunza tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake, na akiulizwa alimaliza darasa la saba lini inabidi ahesabu kwanza kichwani.

Halafu mashindano yanafika. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA hupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Daktari hana haja na cheti. Anaangalia sehemu ya mfupa inayokua: ikiwa imeshaungana kabisa, uwezekano wa mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo mno.

Sisi tumekaa pande zote mbili za jambo hili. Vijana wetu, Serengeti Boys, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima, wakiwemo watoto wenye vyeti safi, kilibaki nyumbani. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka: Congo Brazzaville ikaenguliwa kwa suala la umri wa mchezaji wake, nasi tukapewa nafasi yao kwenda Gabon, Mei 2017. Tulitoka sare tasa na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukafungwa 1-0 na Niger. Mwaka 2019 fainali zikaja hapa hapa Dar es Salaam. Guinea ilifika fainali Uwanja wa Taifa, ikashindwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikagundulika kuwa wachezaji wake wawili walikuwa wamewahi kucheza mashindano Japani kwa tarehe nyingine za kuzaliwa, na tiketi ya Guinea ya Kombe la Dunia ikapewa Senegal.

Kwa hiyo, nani ameumia? Ni mtoto wa kweli wa miaka 15 anayefanya mazoezi pale Kidongo Chekundu, anayepangiwa kumkaba mwanamume wa miaka 20 anayenyoa ndevu kila asubuhi. Akishindwa kumzuia, kocha anaandika kwamba hana nguvu. Anaachwa. Anaenda Mtaa wa Kongo kusukuma mkokoteni au kuuza soksi, na hakuna atakayejua kamwe kwamba alikuwa bora kuliko aliyemwacha. Na huyo mtoto naye ni maskini. Umaskini hauwezi kuwa hoja ya upande mmoja wakati aliyeibiwa anatoka uchochoro uleule.

Hata hivyo sitaki tuwe wakatili. Kijana aliyepewa cheti na watu wazima akaambiwa "sema hivi", kisha akakua, akacheza miaka 10 ya ukweli klabuni na Taifa Stars, mimi ningemsikiliza. Kosa lake lilifanywa na wengine kabla hajajua kukataa. Kiongozi aliyesaini fomu akijua ni uongo, huyo sina neno la kumtetea. Na hapa niseme jambo linalosahauliwa kila mara: jumba la heshima haliwi la wachezaji pekee. Wenyeviti, makatibu, makocha na wafadhili watataka picha zao pia, na wengi wao ndio waliokuwa na bahasha mkononi. Sharti liwabane hao kwanza.

"Mnahukumu watu kwa uvumi."

Hapa wapinzani wangu wana haki, na nasema hivyo bila kuuma maneno. Kariakoo ni mahali hatari kwa jina la mtu. Kipa akifungwa bao la mbali kwenye dabi, kabla hajafika chumba cha kubadilishia nguo mtaa mzima umeshakubaliana kwamba kauza mechi. Beki akikosa penalti, kuna mtu atakuambia aliona gari lililompelekea mzigo. Wapo wachezaji wazuri waliofukuzwa kwa neno hilo moja, hujuma, bila kikao, bila ushahidi, kwa sababu tu kiongozi alihitaji wa kumtupia lawama baada ya kipigo. Wengine walizeeka nalo.

Na Cooperstown yenyewe imekosea hapa. Bonds hakuwahi kufungiwa na ligi kwa dawa. Waandishi walimkataa kwa ushahidi uliotoka kwenye uchunguzi wa maabara ya BALCO na kwa kile walichoamini wenyewe. Mwaka uleule wa 2022 David Ortiz, ambaye gazeti liliwahi kuandika kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya vipimo vya 2003 vilivyopaswa kuwa siri, aliingia kwa kura ya kwanza. Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri ya kuwatofautisha, maana hata mkuu wa ligi alisema orodha ile haikuwa ya kuaminika. Lakini kila mpiga kura alikuwa na mizani yake mfukoni, na matokeo yake hadi leo watu wanabishana.

Jibu la tatizo hili ni kuacha uvumi nje ya mlango. Kinachohesabika kiwe uamuzi wa chombo chenye mamlaka: kamati ya nidhamu ya TFF, CAF, FIFA, mahakama, mamlaka ya kupambana na dawa michezoni, au kukiri kwa mhusika mwenyewe. Kama kuna tuhuma nzito ambayo haikuwahi kuamuliwa, iitwe kamati, mtuhumiwa asikilizwe, ushahidi uwekwe mezani, uamuzi uandikwe na sababu zake. Akikosekana ushahidi, aingie, na wenye maneno wanyamaze. Kanuni ya namna hii ingewasafisha wengi kuliko itakaowazuia, na naamini wapo makipa wa zamani ambao wangelia kwa furaha kuona majina yao yamesafishwa kwa maandishi.

"Ukimwacha nje unafuta historia."

Hakuna kinachofutwa. Rekodi ina daftari lake, heshima ina lake. Mabao yaliyofungwa yatabaki kwenye takwimu, na jumba lenyewe liwe na chumba cha makumbusho kinachoeleza kila kitu, yakiwemo ya 2005 na ya Februari 2016. Cooperstown wanao mpira ambao Bonds aliupiga mwaka 2007 kuvunja rekodi ya Hank Aaron. Aliyeununua aliugonga muhuri wa alama ya nyota, ile inayowekwa kwenye rekodi yenye walakini, kisha akaukabidhi kwa makumbusho. Mgeni anauona mpira, anasoma habari yake, na picha ya Bonds haimo ukutani pamoja na walioenziwa.

Jirani zetu Kenya wanaishi na kesi za dawa kila mwaka. Asbel Kiprop alipewa dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008 baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kunyang'anywa kwa dawa. Akawa bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Mwaka 2017 sampuli yake ikakutwa na dawa ya EPO, akafungiwa miaka 4. Mtu aliyefaidika na usafi wa kanuni aliangushwa na kanuni ileile. Ubingwa wake wa nyuma haukufutwa, na hakuna anayesema haukutokea. Swali la nani awekwe mbele ya watoto kama mfano ni swali jingine kabisa.

"Ameshaadhibiwa, yatosha."

Adhabu ikiisha mtu anarudishiwa haki zake: acheze, afundishe, aingie uwanjani, asinyanyapaliwe. Hayo nayakubali yote. Lakini kuenziwa hakukuwa haki ya mtu yeyote tangu mwanzo, hata aliyecheza miaka 15 bila kadi. Mtu huombewa na wengine, hupimwa na wengine.

Pete Rose ndiye mfano unaotajwa sana. Alifikisha mipigo 4,256, mingi kuliko mtu yeyote. Mwaka 1989 alifungiwa maisha kwa kubeti mechi za besiboli, zikiwemo za timu aliyokuwa akiifundisha. Alikana mpaka 2004. Alifariki Septemba 30, 2024, na Mei 2025 ligi ikamtoa kwenye orodha ya waliofungiwa. Watetezi wake husema alibeti timu yake ishinde, hakuiuza. Kwangu utetezi huo hautoshi. Kocha aliyebeti leo anaweza kumchosha mchezaji anayehitajika kesho, na siku asipobeti, wanaomchukulia pesa zake wameshajua kwamba hana imani na timu.

Kwetu hili si la mbali. Zunguka Kariakoo jioni uone vijana wangapi wameshika simu wakikagua mikeka. Jezi za Simba na za Yanga zimebeba majina ya kampuni za kubeti, na kila wikiendi fedha nyingi huwekwa kwenye mechi ambazo wachezaji wake wengine hulipwa mishahara midogo, tena kwa kuchelewa. Kishawishi cha leo ni kikubwa kuliko kile cha bahasha ya miaka ya nyuma. Tukimweka ukutani mtu aliyeuza mechi, tunamwambia kijana wa ligi za chini kwamba mwisho wa yote atasamehewa na kusifiwa pia.

Hoja ya mwisho, kwamba Cooperstown nao wamejaza watu wabaya, ni ya kweli lakini haisaidii. Jaji Kenesaw Mountain Landis, mkuu wa ligi ambaye katika utawala wake wote hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa, yumo tangu 1944. Hilo ni doa lao. Sisi tunaanza na ukuta mweupe.

Mambo ya ndani ya mtu, kama anakunywa, ana wake wangapi au anadaiwa na nani, yaachwe nje kabisa. Uadilifu ninaoudai ni ule unaogusa mchezo: je, alicheza kwa haki?

Naiomba TFF, Baraza la Michezo la Taifa, na uongozi wa klabu zote mbili za Kariakoo waiandike kanuni hii kabla ya kutundika picha ya kwanza. Iwe na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka kijiweni, na itaje makosa yanayomzuia mtu, chombo kinachoamua, na haki ya kukata rufaa. Ikiandikwa sasa, kabla jina lolote halijapendekezwa, hakuna atakayesema imetungwa kumlenga mtu wa Simba au wa Yanga. Na wewe mwanachama mwenye kadi, mkutano mkuu ujao wa klabu yako ukifika kwenye mengineyo, simama uulize imefikia wapi.